Mwalimu Anapokubali Kuwa Mwanafunzi Tena

Mnamo Machi 24, 2019, mwalimu wa hisabati na fizikia kutoka kaunti yetu ya Nakuru, Peter Tabichi, alitangazwa mjini Dubai kuwa mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni 1 za Marekani. Wengi wetu tunakumbuka shangwe za wakati ule. Wachache wanakumbuka hali ya shule aliyotoka. Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, katika kijiji cha Pwani, Njoro, ilikuwa na tarakilishi moja tu, na mtandao wake ulikuwa wa kusuasua. Hata hivyo, Tabichi alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya vipindi vyake. Alikuwa akienda saiba, anapakua video na maelezo anayoyahitaji, kisha anarudi kuyatumia darasani bila mtandao.

Kila mara vifaa vya kidijitali vinapotajwa katika mabaraza, swali la kwanza huwa moja: vitakuja lini? Swali hilo ni halali, kwa kuwa mzazi analipa ushuru na ana haki ya kuona matunda yake shuleni. Lakini mfano wa Keriko unazua swali la pili ambalo ni zito zaidi. Vikifika, mwalimu atakuwa tayari kuvitumia? Na ili awe tayari, ni jambo gani linalopaswa kubadilika ndani yake?

Makala haya yanaeleza safari ambayo mwalimu hupitia anapojifunza teknolojia ya darasani, vikwazo anavyokutana navyo, mipaka anayopaswa kuizingatia, na mchango ambao wewe mkazi unaweza kutoa.

Vifaa vilifika, na kazi ikaanza

Serikali ya kitaifa iliahidi vipakatalishi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka wa 2013. Utekelezaji ulianza mwaka wa 2016 kupitia Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali, unaojulikana kama DLP, na vipakatalishi vya wanafunzi vikageuka vishikwambi. Shule za msingi za umma zilipewa vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta na mtambo mdogo wa kuhifadhi masomo ili yasomeke hata pasipo na intaneti. Kwa jumla, zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa kwa zaidi ya shule 20,000 kote nchini.

Huo ni uwekezaji mkubwa. Hata hivyo, katika shule kadhaa nchini vifaa hivyo vilikaa kabatini. Sababu zilikuwa nyingi: umeme usiotegemewa, hofu ya wezi, na mwalimu mkuu kuogopa kuwajibishwa kishikwambi kikivunjika. Ipo pia sababu isiyotajwa mara nyingi. Mafunzo ya mwanzo yalikuwa ya siku chache, na mwalimu aliyerudi shuleni akiwa na maswali hakuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza.

Tatizo hili halikuwa la Kenya pekee. Ripoti ya UNESCO ya mwaka wa 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilitaja mfano wa Peru, ambako zaidi ya vipakatalishi milioni 1 viligawiwa wanafunzi bila kuingizwa katika mbinu za ufundishaji. Matokeo ya masomo hayakuboreka. Kifaa kilifika mikononi mwa mtoto, lakini somo lilibaki lile lile.

Hofu isiyosemwa

Ukimuuliza mwalimu kwa nini hatumii projekta, huenda akakuambia kuhusu umeme. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingine kuna jambo jingine nyuma ya jibu hilo, nalo ni hofu ya kuaibika.

Tumfikirie mwalimu aliyehitimu chuoni katika miaka ya 1990. Huenda hakuwahi kugusa tarakilishi akiwa mafunzoni. Kwa miaka 25 au zaidi amesimama mbele ya darasa akiwa ndiye ajuaye. Wazazi wanamheshimu kwa hilo, na wanafunzi wake wa zamani wakikutana naye sokoni bado wanamwita mwalimu. Chaki haijawahi kumwaibisha, kwa maana chaki haina nywila, haihitaji chaji, na haigomi mbele ya watoto 60.

Sasa anapewa mashine. Anabofya, haifanyi kitu. Anabofya tena, inafunguka mahali asipopajua. Mtoto wa miaka tisa kwenye dawati la mbele, ambaye huchezea simu ya mamake kila jioni, anasema: "Mwalimu, bonyeza pale juu." Darasa linacheka. Kwa mwalimu huyo, kicheko hicho hakihusu mashine tu. Kinagusa heshima aliyoijenga maishani mwake mwote. Haishangazi kwamba baadhi huamua kifunguo cha kabati kisitafutwe tena.

Hapa ndipo ukuaji unapoanza au unapokwama. Mwalimu anaweza kumnyamazisha mtoto na kurudi ubaoni. Anaweza pia kusema: "Ahsante, njoo utuonyeshe," kisha aendelee na somo. Akichagua la pili, amewafunza watoto wake jambo ambalo halimo kwenye kishikwambi, kwamba mtu mzima anaweza kutojua, akauliza, na asipungukiwe na kitu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tatizo ni kwamba tumekuwa tukimwambia mtoto methali hiyo huku tukisahau kumpa mwalimu ruhusa ya kuitumia.

Jambo hili lina uzito katika mtaala wetu wa sasa. Mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake ulianza kote nchini mwaka wa 2019, una umilisi saba wa kimsingi. Miongoni mwake ni ujuzi wa kidijitali, kujifunza jinsi ya kujifunza, na kujiamini. Mwalimu anayejifunza kifaa kipya akiwa na umri wa miaka 50 anazipitia zote tatu yeye mwenyewe. Ni vigumu kumpa mtoto kitu ambacho wewe hujakionja.

Ngazi tatu za kupanda

Ukuaji huu una hatua zake, na mtu haruki kutoka chini hadi juu kwa semina moja. Mwongozo wa UNESCO wa umilisi wa walimu katika teknolojia, uliotolewa upya mwaka wa 2018, unaorodhesha stadi 18 na kuzipanga katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kupata maarifa. Hapa mwalimu anajifunza kuwasha na kuzima kifaa ipasavyo, kuandika andalio la somo, kuhifadhi faili mahali atakapoipata kesho, na kutuma barua pepe. Kwa mwalimu wa Kenya, ngazi hii imekuwa sehemu ya ajira. Tathmini ya utendakazi ya TPAD, iliyoanzishwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mwaka wa 2016, hujazwa mtandaoni. Shule pia hupakua kazi za tathmini kutoka kwa tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na kupakia alama za wanafunzi huko huko. Mwalimu asiyejua kufanya hivyo hulazimika kumlipa mhudumu wa saiba, na wakati mwingine humpa nywila yake. Ni kama kumwachia mpita njia kifunguo cha nyumba. Mwalimu anayejifunza kujaza fomu zake mwenyewe huokoa pesa, hulinda siri zake, na hupata uhuru ambao hakuwa nao.

Ngazi ya pili ni kuyazamisha maarifa. Hapa mwalimu haulizi tena kifaa hiki kinafanyaje kazi. Anauliza ni sehemu gani ya somo langu huwashinda wanafunzi, na je, kifaa hiki kinaweza kusaidia? Mwalimu wa Kuresoi ambaye wanafunzi wake hawajawahi kufika Ziwa Nakuru anaweza kuwaonyesha video ya heroe wakila ziwani kabla ya kujadili mazingira yao. Mwalimu wa jiografia anaweza kuonyesha picha ya Menengai iliyopigwa kutoka angani, na mwanafunzi akaelewa kreta ni nini kuliko kwa mchoro wa chaki. Mwalimu wa chekechea anaweza kuwachezea watoto sauti ya herufi mara kumi bila koo lake kukauka, huku yeye akipita katikati yao kusikiliza nani anaitamka vibaya.

Ngazi ya tatu ni kuunda maarifa. Mwalimu aliyefika hapa hutengeneza vitu vyake mwenyewe. Hurekodi somo kwa Kiswahili kinachoeleweka na watoto wa eneo lake, huandaa maswali yanayotokana na maisha yao, na huwafunza walimu wenzake. Pia huwaachia wanafunzi nafasi ya kubuni. Klabu ya sayansi ya Keriko ni mfano mzuri. Wanafunzi wa shule hiyo walionyesha katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya ya mwaka wa 2018 kifaa walichobuni ili kuwasaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Kumbuka kwamba hiyo ni shule ya tarakilishi moja.

Inafaa kusisitiza hapa kwamba idadi ya vifaa haiamui mwalimu yuko ngazi gani. Kuna uwezekano wa shule yenye maabara kamili kuwa na walimu wa ngazi ya kwanza, na shule yenye simu moja kuwa na mwalimu wa ngazi ya tatu.

Somo la mwaka wa 2020

Walimu wengi wanaweza kutaja mwaka uliowasukuma kupanda ngazi hizo. Shule zilifungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa Covid-19, zikaanza kufunguliwa kwa awamu mnamo Oktoba mwaka huo, na wanafunzi wote wakarejea Januari 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliendesha masomo kupitia redio, televisheni na mtandao. Walimu nao waliunda vikundi vya WhatsApp, wakapiga picha kurasa za vitabu, wakarekodi sauti zao wakieleza hesabu, na kusahihisha kazi zilizotumwa kwa picha.

Hakuna aliyewapa semina. Walijifunza kwa sababu kulikuwa na watoto upande wa pili. Wakati huo huo walishuhudia pengo kubwa: mtoto wa nyumba yenye simu ya kisasa aliendelea kusoma, na mtoto wa jirani yake asiye na simu alibaki nyuma, asipokuwa na redio. Mwalimu aliyeliona pengo hilo kwa macho yake hutumia teknolojia kwa tahadhari zaidi leo. Anajua kwamba kazi ya ziada inayohitaji intaneti inaweza kumwadhibu mtoto kwa kosa la umaskini wa nyumbani.

Mabadiliko katika chumba cha walimu

Kuna badiliko jingine lisiloonekana na mzazi, nalo hutokea katika chumba cha walimu. Kwa desturi yetu, mdogo hujifunza kwa mkubwa. Teknolojia imegeuza mambo kidogo. Mara nyingi anayejua zaidi ni mwalimu kijana, pengine aliyeajiriwa kwa kandarasi, na anayehitaji msaada ni mwalimu mwandamizi aliyemfundisha kijana huyo alipokuwa shule ya msingi.

Shule inayofaulu hupata njia ya kubadilishana bila mtu kudhalilika. Kijana anamwonyesha mkubwa wake jinsi ya kuunganisha projekta, na mkubwa anamwonyesha kijana jinsi ya kulidhibiti darasa projekta inapozimika ghafla. Wote wawili wanatoka wamejifunza. Utaratibu rahisi wa nusu saa kila wiki, ambapo mwalimu mmoja anawaonyesha wenzake jambo moja alilolijaribu, unaweza kuzaa zaidi ya semina ya siku tatu ambayo haina ufuatiliaji. Hauhitaji bajeti, unahitaji mwalimu mkuu anayeulinda muda huo.

Mipaka ya kuzingatiwa

Kukua kwa mwalimu kunamaanisha pia kujua wakati wa kuzima kifaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2019 unapendekeza kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba muda mfupi zaidi ni bora. Watoto wa umri huo wamo katika madarasa yetu ya chekechea. Bado wanahitaji kufinyanga udongo, kuruka kamba, kuimba na kusimuliwa hadithi. Dakika chache za sauti za herufi zinatosha, kisha watoke nje.

Mpaka wa pili ni wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha ni taarifa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu anayefurahia somo lake na kutaka kuliweka Facebook anapaswa kuomba ruhusa kwanza.

Mpaka wa tatu unatuhusu sisi wazazi. Tumezoea kuamini kwamba mwalimu aliyeshika simu darasani anapoteza wakati. Wapo wanaofanya hivyo, na wanapaswa kuulizwa. Lakini huenda mwingine anatafuta mfano wa somo, tena kwa bando alilonunua kwa pesa zake. Kabla ya kumlaumu, muulize alikuwa akifundisha nini.

Nani anahusika na nini

Wakazi wengi hawana uhakika wapeleke wapi maombi yao. Jedwali la Nne la Katiba linagawa majukumu hivi: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunza watoto ni jukumu la serikali ya kaunti. Shule za msingi, sekondari msingi, sekondari ya juu na vyuo vikuu ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wa shule za umma huajiriwa na TSC. Kwa hiyo, ombi la mafunzo ya kidijitali kwa walimu wa PP1 na PP2, au kwa wakufunzi wa vyuo vya ufundi, ni ombi la kuletwa kwa kaunti. La projekta ya shule ya msingi huanzia kwa bodi ya shule na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Kwa walimu wa hisabati na sayansi, kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, hutoa mafunzo ya kazini. KICD nayo ina hazina ya masomo ya kidijitali yaliyoidhinishwa, na mwalimu anaweza kuanzia hapo badala ya kuokota chochote mtandaoni.

Mambo ambayo mzazi anaweza kufanya

Kwanza, katika mkutano wa wazazi uliza vifaa vya shule viko wapi na vilitumika mara ngapi muhula uliopita. Uliza kwa heshima, na uwe tayari kusikia sababu.

Pili, kama una ujuzi, jitolee. Fundi wa umeme, mwanafunzi wa chuo aliye likizoni, au mhudumu wa saiba anaweza kukaa na walimu alasiri moja na kutatua jambo lililowakwamisha mwaka mzima.

Tatu, mtoto akirudi nyumbani akisema amemsaidia mwalimu kufungua kifaa, usimfanye acheke. Mwambie mwalimu wake ni shujaa kwa kukubali kusaidiwa.

Nne, shiriki katika kupanga bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi hutoa maoni yao katika safari hiyo yote. Kaunti yetu ina wadi 55, na maoni huwa na nguvu yanapotoka katika wadi nyingi. Mara nyingi tunaomba madarasa na milango ya shule, kwa sababu hivyo vinaonekana. Mafunzo ya walimu hayapakwi rangi wala hayazinduliwi kwa kukata utepe, kwa hivyo husahaulika yasipotajwa kwa sauti.

Kikao cha bajeti kikitangazwa katika wadi yako, nenda ukiwa na maswali mawili yaliyoandikwa. Mwaka huu ni walimu wangapi wa chekechea katika wadi yetu watapata mafunzo ya kidijitali? Na miezi sita baada ya mafunzo, ni nani atakayewarudia darasani kuona walipokwama?